Jiko Linawaka, Mbona Maji ya Pipa ni ya Baridi?

Mama mwenzangu, kuna uchungu unaompata mtu anapoona kuni zake zinateketea bure. Sisi wa Nkololo, wilayani Bariadi, tunaujua uchungu huo. Waliokuwapo wakati Bariadi ingali ndani ya mkoa wa Shinyanga, kabla mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, wanakumbuka mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986. Watu walihimizwa kurudisha ngitili ili miti iote tena na ng'ombe wapate malisho. Miti iliota sehemu nyingi, lakini mzigo wa kuni bado ni mzigo, na wapo akina mama wanaopikia mabua ya pamba au samadi kavu.

Ndiyo maana baba watoto alipokubali kutujengea jiko la kuni lenye bomba ndani, nilishukuru sana. Mpango wake ni rahisi. Bomba la chuma limekunjwa ndani ya jiko, mahali moto unapowaka. Kutoka hapo mabomba mawili yanapita ukutani hadi kwenye pipa la lita 200 lililoinuliwa juu ya nguzo za matofali, nyuma ya bafu. Bomba la chini huleta maji ya baridi kutoka kitako cha pipa. La juu huyarudisha yakiwa ya moto. Hakuna pampu wala umeme. Unapika ugali na maharage yako, na moto uleule unakupashia maji ya kuoga.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha nikaanza kuona maji yanachelewa kupata moto. Zamani yalikuwa tayari kabla maharage hayajaiva. Sasa maharage yanaiva, yanaungwa, yanaliwa, na pipa bado vuguvugu. Halafu tukapanua dirisha la jiko. Fundi alipomaliza na kurudisha bomba lake, maji hayakupata moto kabisa. Badala yake tukasikia kishindo ndani ya jiko, ko! ko! ko!, kama mtu anayepiga bomba kwa nyundo.

Wakati huo binti yetu wa kwanza alikuwa njiani kuja kujifungulia nyumbani. Mama mkwe wangu haamini kwamba mzazi amepona bila kukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. (Muuguzi ametuonya mara nyingi kwamba maji yasiwe ya kuunguza ngozi, na kwamba tumbo lisikandamizwe. Tunazingatia.) Fundi akasema tununue pampu. Baba watoto akasema ni afadhali tubomoe lote turudi kwenye mafiga. Nikamwomba anipe siku mbili.

NILIVYOANZA KUCHUNGUZA

Kwanza nilipanda kutazama pipa. Maji yakishuka chini ya mdomo wa bomba la moto, njia ya mzunguko inakatika, hata uchochee kuni namna gani. Wengi hukosea hapa, kwa sababu koki ya bafuni huendelea kutoa maji kama kawaida. Letu lilikuwa limejaa, limebakiza shubiri moja tu. Basi, tatizo halikuwa hapo. Nikahakikisha pia kwamba koki iliyo kwenye bomba la chini imefunguliwa.

Pili, niliwasha moto, nikangoja nusu saa, nikashika mabomba kwa kitambaa kibichi. Usiguse kwa kiganja kitupu! Mzunguko ukiwa mzima, bomba la juu huwa la moto kutoka jikoni mpaka kwenye pipa, na la chini huanza kupata joto kidogo kidogo kadiri maji yanavyozunguka. Letu lilikuwa la moto wa kuunguza kutoka jikoni mpaka dirishani. Baada ya dirisha, baridi kabisa. La chini nalo baridi.

Hapo nikajua mambo mawili. Moto unafanya kazi yake, na maji yamesimama. Kile kishindo kilikuwa ni maji yaliyosimama ndani ya jiko yakichemka na kutoa mapovu ya mvuke, na mapovu hayo yakipasuka yanapokutana na maji ya baridi.

Tatu, nilichukua chupa ya maji iliyojaa nusu, nikailaza juu ya bomba nikiisogeza hatua kwa hatua, nikitazama maji yanaegemea wapi. Fundi alilipandisha bomba juu ya dirisha, akalishusha upande wa pili, kisha akalipandisha tena kwenye pipa. Lilikuwa na nundu kama ya ng'ombe wetu.

NUNDU ILIKUWA NA NINI?

Hewa. Umewahi kuona sufuria ya maji kabla haijachemka, vipovu vidogo vikishikilia pembeni? Hiyo ni hewa iliyokuwa ndani ya maji, inatoka yanapopata moto. Ndani ya bomba hewa hiyo hupanda hadi mahali pa juu. Ikikuta njia inapanda mpaka kwenye pipa, hutoka yenyewe. Ikikuta nundu, hukaa pale na kuziba.

Utauliza, kwa nini maji hayaisukumi hewa hiyo? Kwa sababu nguvu yao ni ndogo mno. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 ina uzito wa gramu 998 hivi. Yakifika nyuzi 80, lita hiyohiyo huwa gramu 972 hivi. Maji ya moto hupanda kwa kuwa ni mepesi kuliko ya baridi, lakini tofauti ni gramu 26, hazifiki hata vijiko viwili vya mezani vya maji. Nguvu hiyo ndogo ndiyo inayozungusha pipa zima. Ndiyo maana nundu moja, au kona nyingi kali, au bomba jembamba la nusu inchi panapohitajika la inchi moja, hutosha kuisimamisha.

Wifi yangu anayeishi Uingereza alicheka sana nilipomsimulia kwa simu. Huko nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka katika vyuma bapa vilivyofungwa ukutani, tena kwa pampu, na hata hivyo hewa huwasumbua. Chuma kikiwa cha moto chini na baridi juu, wanajua kina hewa, wanalegeza parafujo ndogo juu yake mpaka hewa itoke. Kikiwa baridi chini katikati, wanajua kuna matope ya kutu yametuama.

Tuliuzima moto, tukaacha bomba lipoe kabisa, baba watoto akalegeza kiungo cha juu kwa spana. Hewa ikatoka ikizomea, kisha maji. Akakaza. Jioni ile tulioga maji ya moto! Siku ya tatu ikajirudia. Fundi akaitwa, akapitisha bomba chini ya dirisha, likipanda taratibu bila kushuka popote mpaka kwenye pipa.

Hata hivyo ule uvivu wa mwanzo haukuisha, nami nilikuwa nimeutazamia. Kilichosimama ghafla kilikuwa na sababu iliyokuja ghafla, yaani dirisha. Kilichochelewa polepole kilikuwa na sababu inayokua polepole. Tulipofungua bomba la jikoni tulikuta ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na tundu lililobaki lingepitisha penseli tu. Ni madini ya maji ya kisima, yanayoganda yanapopashwa moto. Tuliloweka bomba kwa siki usiku kucha, tukalikwangua kwa waya, tukalisafisha kwa maji mengi. Siki isikae siku nyingi kwani hula chuma. Sasa msimu wa mvua tunajaza pipa kwa maji ya bati, ambayo hayana ukoko huo.

Jambo moja nakusihi, mama. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hudai nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Usizibe kamwe tundu la juu la pipa, na usifunge koki ya njia ya mzunguko huku moto unawaka. Ukigundua jiko limewashwa bila maji ndani ya bomba, ondoa kuni, ngoja lipoe lenyewe, usimimine maji ya baridi. Kile kishindo ukikisikia, toa watoto jikoni kwanza, mengine baadaye.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Asubuhi ya kwanza nyumbani, mama mkwe alichota ndoo, akatumbukiza kiwiko, akaniangalia. “Mayu,” akasema, “ongeza ya baridi, haya yatamchoma.”