Orodha ya Kijana Inahitaji Mtu wa Pili

Binti wa dada yangu alizaliwa Nakuru, akasomea Nakuru, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, na mpaka mwaka jana alikuwa hajawahi kutia mguu ndani ya Mbuga ya Ziwa Nakuru. Dirisha la jikoni kwao linalitazama ziwa hilo. Siku alipotimiza miaka 23 alichukua karatasi, akaandika mambo 20 anayotaka kuyajaribu kabla hajafika 25, akaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Kisha akaniita nikaione. Kazi yangu ni ushauri nasaha, lakini kwake mimi ni mama mdogo, na nadhani aliniita kwa hilo la pili.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Kuingia mbugani. Kuzunguka ukingo wa Longonot. Kujifunza kuogelea. Kulala ndani ya hema. Kutoa damu. Kuendesha baiskeli Hell's Gate. Kuhutubia watu bila karatasi mkononi. Jambo la 11 lilikuwa limeandikwa kwa penseli ilhali mengine yote yalikuwa ya kalamu. Nitalirudia.

Vijana wengi wanaokuja ofisini kwangu wana orodha kama hiyo, kwenye simu au kichwani. Wazazi wao huiona kama mchezo wa mtu aliyekosa shughuli: bahasha ya vyeti imejaa vumbi, kazi haijapatikana, naye anafikiria hema. Mimi huwatetea vijana hao. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Mmarekani Jeffrey Arnett alieleza kwamba miaka ya kati ya 18 na 25 ni kipindi cha peke yake, si utoto tena na si utu uzima kamili, na kwamba kazi kubwa ya kipindi hicho ni kujaribu: kazi, mapenzi, imani, mahali pa kuishi. Kwetu kipindi hicho ni kirefu zaidi. Katiba yetu ya 2010 inamhesabu mtu kuwa kijana tangu miaka 18 mpaka kabla ya kufika 35, na ajira inapokawia, mtu anaweza kukaa mlangoni mwa utu uzima kwa miaka kumi, haingii wala harudi. Halafu muulize mzee yeyote akusimulie maisha yake. Utaona masimulizi yanajaa katika miaka ya ujana: safari ya kwanza, mshahara wa kwanza, mara ya kwanza kulala ugenini. Watafiti wa kumbukumbu wameliona jambo hilo katika nchi nyingi. Mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ndiyo yanayobaki kwa wingi zaidi kichwani mwa mtu aliyezeeka. Kijana anayeandika orodha anachagua atakachokuja kuwasimulia wajukuu, na hilo si mchezo.

Orodha zenyewe si za juzi. Mwaka 1940, huko Los Angeles, mvulana wa miaka 15 aitwaye John Goddard aliwasikia watu wazima wakijutia mambo ambayo hawakuyafanya ujanani, akaketi akaandika malengo 127. Mlima Kenya na Kilimanjaro ilikuwamo. Lengo la kwanza kabisa lilikuwa Mto Nile, na mwaka 1950 alianza safari kwa kayaki kutoka chemchemi za Burundi, akashuka na mto muda wa miezi tisa hivi hadi Bahari ya Mediterania. Watu humkumbuka kwa Nile. Wachache hukumbuka kwamba orodha ile ile ilikuwa na kujifunza filimbi na fidla, na kupiga taipu maneno 50 kwa dakika. Wachache zaidi hukumbuka kwamba mtoni hakuwa peke yake: alikwenda na Wafaransa wawili.

Hapo ndipo penye hoja yangu, na nitaieleza kwa njia ya kazi yangu.

Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliwafanyia kazi watu waliokuwa na hofu kubwa ya nyoka. Hakuwahubiria kwamba nyoka yule hana sumu, kwa kuwa hilo walilijua na bado walitetemeka. Aliwapitisha hatua kwa hatua, msaidizi akiwa ubavuni. Kumtazama nyoka kwa mbali. Kusogea. Kumtazama msaidizi akimshika. Kumgusa kwa glavu. Mwishowe, kumshika kwa mkono mtupu. Hofu ya nyoka ilipungua, lakini kilichomshangaza Bandura ni kwamba baadhi yao walijikuta wanathubutu hata katika mambo yasiyohusiana na nyoka. Mwaka 1977 alichapisha nadharia yake juu ya kile ninachokiita imani ya kuweza: mtu kusadiki kwamba jambo fulani analimudu. Imani hiyo, alisema, ina mianzo minne. Wenye nguvu kuliko yote ni kufanya jambo mwenyewe na kufanikiwa. Unafuata kumwona mtu kama wewe akifanya, kisha kutiwa moyo kwa maneno, na mwisho ni namna unavyousoma mwili wako mwenyewe, moyo ukidunda na viganja vikitoa jasho.

Angalia sasa orodha ya ukutani kwa jicho hilo. Mambo 20 yalikuwa yametawanyika kama maharagwe yaliyomwagika. Hakuna lililotangulia jingine. Alitaka kuanza na Longonot, mlima wa mita 2,776, ambapo unapanda kilomita kama tatu kutoka lango hadi ukingoni, tena kwa mwinuko mkali wa vumbi, halafu ukingo wenyewe ni kilomita saba na ushei kuuzunguka. Msichana huyu alikuwa hajawahi kutembea kilomita tano mfululizo. Angeishia njiani, na mwanzo ule wenye nguvu kuliko yote ungefanya kazi kinyume: kushindwa mapema hubomoa imani ya kuweza upesi kuliko ushindi unavyoijenga.

Tuliketi tukaipanga upya iwe ngazi. Kipago cha kwanza kikawa Hyrax Hill, kilima kidogo kando ya barabara ya Nairobi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na kupata masalia ya watu walioishi pale zamani sana, na juu ya mawe yake kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na mikono isiyojulikana. Unafika kileleni kabla jasho halijakutoka vizuri. Kipago cha pili, Menengai kwa miguu kutoka mjini. Mji wa Nakuru uko kwenye mita 1,850 hivi na kilele cha Menengai ni mita 2,278, kwa hiyo mapafu yanapata kazi ya kweli. Ukifika juu, shimo la kilomita kama 12 kwa 8 linafunguka mbele yako ghafla, na unaelewa kwa nini Wamaasai walisimulia kwamba mashujaa waliosukumwa humo vitani hawakupata kutoka. Longonot ikawa kipago cha tatu. Wakati huo magoti yalikuwa tayari yanajua kitu.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kusoma Stanford. Katika jando la Wakalenjin, mvulana hakuachwa peke yake na hofu; alikuwa na motiriot, mwalimu aliyekaa naye faraghani na kumfundisha. Kwa Wakikuyu kulikuwa na mutiri, msimamizi wa mwali, aliyemshikilia siku yenyewe na kubaki kama mzazi wa pili. Rika zima lilipita pamoja, hatua moja baada ya nyingine, na mtu akatoka akijua majina ya waliosimama naye. Sitetei kila lililofanyika huko. Ukeketaji wa wasichana ulipigwa marufuku kwa sheria maalumu mwaka 2011, na ni haki kabisa ubaki marufuku. Ninachokisema ni kwamba muundo ule wa hofu inayopimwa, hatua zinazopandana na mtu mzima wa kukushika mkono ni ule ule Bandura alioukuta maabarani. Orodha ya leo imechukua mitihani ikamwacha msimamizi. Kijana yuko chumbani na karatasi yake, na hakuna anayemwuliza amefika wapi.

Badala ya msimamizi amepewa hadhira. Anatangaza mtandaoni kwamba mwaka huu atafanya hili na lile, na pongezi zinamiminika kabla hajafanya lolote. Mwaka 2009 Mjerumani Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio yaliyowahusisha, miongoni mwa wengine, wanafunzi wa sheria. Wale ambao nia yao ya kuwa mawakili hodari ilijulikana kwa mwingine walijibidiisha kidogo kuliko wale ambao nia yao haikusomwa na mtu. Sifa ya mapema huipa akili ladha ya ushindi ambao haujapatikana. Gollwitzer huyo huyo, miaka kumi kabla, alikuwa ameonyesha dawa iliyo rahisi: funga nia yako kwenye saa na mahali. Usiseme nitajifunza kuogelea. Sema Jumamosi, ikifika saa tatu asubuhi, nitakuwa kwenye bwawa na mwalimu. Na mtu mmoja anayekusubiri pale ana faida kuliko watu mia wanaokupigia makofi kwenye simu.

Msimamizi ana kazi nyingine ambayo hadhira haiwezi, nayo ni kutenganisha woga na hatari. Vijana huvichukulia kama kitu kimoja, nami ningeomba kila msomaji wa makala haya avitenganishe leo. Katika bwawa la kina cha kifua, mwalimu akiwa kando, mtu asiyejua kuogelea huogopa kupita kiasi: pumzi inakatika, mikono inakakamaa. Woga ni mkubwa, hatari ni ndogo, na dawa ni kubaki majini mpaka mwili uchoke kupiga king'ora. Binti yetu alikaa wiki mbili akipuliza mapovu tu kabla hajainua miguu. Ndivyo inavyofanywa.

Sasa geuza upande wa pili. Korongo la Ol Njorowa ndani ya Mbuga ya Hell's Gate ni zuri mno: kuta za miamba zilizolainishwa na maji, chemchemi za moto zinazotiririka ukutani, kivuli cha baridi. Kijana akiingia humo na wenzake wakicheka hana woga wowote. Lakini mvua inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima, anga la kichwani mwako likiwa jeupe kabisa, na maji yakaja kwa kishindo katika njia nyembamba isiyo na pa kupandia. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa humo. Septemba 2019 watu saba walikufa tena humo humo, kwa namna ile ile. Woga ulikuwa mdogo, hatari ilikuwa kubwa. Mwenyeji anayelijua korongo hilo angeweza kusema leo hatuingii. Jambo likiwa na hatari halisi, ujasiri hauongezi kitu. Kinachotakiwa ni kumuuliza askari wa mbuga, na akikataa, kurudi nyumbani.

Turudi kwenye penseli. Jambo la 11 lilisema: kulala usiku mmoja kwa rafiki yangu, Kuresoi.

Kwa mgeni hilo ni jepesi kuliko mengine yote. Kwa mtu wa kaunti hii ni zito kuliko Longonot. Katika ghasia za kikabila zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ya babu yake upande wa Molo ilichomwa, naye alikuwa mtoto mdogo aliyebebwa usiku. Rafiki yake wa chuo ni wa jamii ambayo nyumbani kwa dada yangu hutajwa kwa sauti ya chini. Walikuwa wamekaa benchi moja miaka minne, wamekopeshana madaftari na chumvi, na hakuna aliyewahi kulala kwa mwenzake.

Mwaka 1954 Gordon Allport wa Harvard aliandika kwamba kukutana peke yake hakuondoi chuki kati ya makundi. Kunasaidia pale watu wanapokutana kwa hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana kulifikia, na wakubwa wao wanaliunga mkono jambo hilo. Masharti matatu ya kwanza mabinti hawa walikuwa wameyatimiza darasani bila kujua. La nne lilikuwa halipo. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amesema ndiyo.

Kwa hiyo nililichukua hilo. Nilizungumza na dada yangu mara tatu, na mara ya tatu alilia. Nilimpigia simu mama wa yule rafiki, tukaongea kama wazazi. Siku yenyewe nilipanda matatu na mabinti hao hadi steji ya mwisho, nikamkabidhi mtoto wetu mkononi mwa mama yule, nikarudi. Aliporudi Jumapili alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa ya mursik na gunia dogo la viazi, zawadi ya nyumba ile kwa mama yake. Dada yangu alivipika viazi vile jioni hiyo hiyo. Hakusema neno, lakini alivipika.

Orodha ina mambo tisa yaliyobaki, na mengine hayatafanyika kabla ya 25, wala si neno. Nawageukia ninyi wenye umri wangu. Kama nyumbani mna kijana mwenye karatasi ukutani, mwombeni awaonyeshe. Chagueni jambo moja tu, lile lililoandikwa kwa penseli kama lipo, mtaje siku na saa, na mwende naye.