Nani Anaisoma Insha ya Mwanao Mlimani?

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yanapotangazwa, nyumba nyingi za wafanyakazi hapa mjini hujaa furaha iliyochanganyika na hesabu. Baba hukadiria nauli, godoro na ndoo. Mama huwaomba wenzake katika upatu wamsogezee zamu yake mbele. Na jamaa waliokuwa kimya mwaka mzima hubisha hodi kutoa pongezi. Mtoto amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam! Maswali yanayofuata ni ya ada, ya mkopo na ya kitanda. Ni nadra kumsikia mzazi akiuliza lile ambalo ndilo kiini cha gharama zote hizo: je, huko aendako atafundishwa namna gani?

Swali hilo si la maprofesa peke yao, kwani mlipaji ni familia. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yakapandisha makato ya mkopo kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu aliyeajiriwa. Maana yake ni kwamba mtoto akipata kazi, ataendelea kwa miaka kulipia mihadhara aliyoihudhuria akiwa kijana wa miaka 20. Anunuaye kitenge Kariakoo hukikunjua na kukitazama mwangani kabla ya kutoa fedha. Elimu ya Chuo Kikuu tunainunua ikiwa imekunjwa.

WALIANZA WACHACHE

Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi wote walikuwa wa sheria, na idadi yao haikufika hata 15. Katika darasa la namna hiyo hapana pa kujificha. Ambaye hakusoma hujulikana kabla ya saa kwisha, na mwalimu asiyejiandaa hujulikana mapema zaidi.

Mwaka 1963 Chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi; mwaka 1964 kikahamia Mlimani; na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa. Katika miaka hiyo sifa zake zilienea mbali, na sababu kubwa ilikuwa mabishano yaliyopamba moto humo. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972. Wanafunzi wa umoja wa USARF, ambao Yoweri Museveni alipata kuwa mwenyekiti wake, waliendesha madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili, mpaka umoja huo ulipopigwa marufuku mwaka 1970. Mtu anaweza kukubaliana na mawazo yao au kuyakataa. Lisilokanika ni kwamba kijana wa siku zile alitarajiwa kusoma, kusimama mbele ya wenzake, kusema alilolielewa, na kupingwa.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliongeza jambo jingine. Waombaji walitakiwa kwanza wafanye kazi, na ingawa utaratibu huo ulikuja kuachwa, ulileta darasani watu waliokwisha kuonja maisha ya ofisi, kiwanda na shule. Mtu wa aina hiyo akisikia nadharia ya uchumi huuliza maswali ambayo hayamo kitabuni.

Hata hivyo si haki kuzipamba zama zilizopita. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, vitabu vipya na majarida yakapungua, na mishahara ikashindwa kukidhi mahitaji ya nyumbani. Baadhi ya wahadhiri walikwenda kufundisha nchi nyingine, na baadhi ya waliobaki wakafuga kuku na ng'ombe ili watoto wao wale. Mei 1990 Chuo kikafungwa kufuatia mgomo wa wanafunzi, na kikafunguliwa tena mwaka 1991. Kudhoofika kwa mafundisho hakukuanza jana.

SAA MIA MOJA

Mafundisho ya Chuo Kikuu yana miguu miwili. Mguu wa kwanza ni mhadhara, ambapo mmoja huzungumza na wengi husikiliza. Mguu wa pili ni semina, ambapo wachache huketi na mwalimu wakaijadili mada, na kila mmoja huandika insha inayosomwa na kurudishwa ikiwa na maelezo pembeni. Idadi ya wanafunzi ikiongezeka maradufu, mhadhara huhitaji ukumbi mkubwa zaidi na kipaza sauti. Semina huhitaji walimu maradufu. Ndiyo maana, wanafunzi wanapoongezeka kuliko walimu, mguu wa pili ndio huanza kuchechemea.

Tupige hesabu rahisi. Somo likiwa na wanafunzi 400, na mwalimu akatumia dakika 15 tu kwa kila insha, atahitaji dakika 6,000, yaani saa 100. Hizo ni wiki mbili na nusu za kazi ya saa 40 kwa wiki, bila kutayarisha mhadhara hata mmoja na bila kufanya utafiti. Na hiyo ni insha moja, ya somo moja. Basi insha hugeuzwa kuwa maswali ya kuchagua jibu, au kazi ya kikundi cha watu kumi ambamo wawili huandika na wanane hutia majina yao.

Mwanafunzi naye hujifunza haraka njia ya mkato. Badala ya kitabu hutafuta "desa", yaani maelezo yaliyonakiliwa na kurithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, akayakariri ili aepuke "supu" na asije "kudisko". Anaweza kupata alama nzuri, akavaa joho, akapigwa picha na shangazi zake, wala asiwe hata siku moja amelazimika kuitetea hoja yake mbele ya mtu anayejua zaidi.

Tusimlaumu mhadhiri peke yake. Kupanda cheo kutoka mhadhiri hadi profesa hutegemea zaidi maandishi aliyoyachapisha. Anayekesha akisahihisha insha hupata usingizi mchache, na mara nyingi hapati zaidi ya hapo.

Iko pia kadhia ya lugha. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka saba hufika Mlimani akatakiwa abishane kwa Kiingereza. Katika semina hunyamaza, kisha nje, chini ya mti, huichambua mada ile ile kwa Kiswahili kwa ufasaha wa kustaajabisha. Mwalimu aliyemsikia ndani tu humdhania hana akili.

MAJENGO NI MAZURI, LAKINI

Hatuwezi kusema hakuna lililofanyika. Mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli za kulaza wanafunzi 3,840, na mwaka 2018 maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Aliyewahi kulala wawili kitanda kimoja anajua thamani ya hosteli. Lakini jengo halisahihishi insha. Kila nafasi mpya ya mwanafunzi ingefaa ihesabiwe pamoja na nafasi ya mwalimu, wahitimu bora waajiriwe mapema na kulelewa na wakongwe kabla hawajastaafu, na ufundishaji mzuri upewe uzito wa kweli katika kupandisha vyeo.

Mzazi naye ana wajibu wake. Mtoto akirudi likizo, usiishie kumuuliza amepata alama ngapi. Muulize: nani anaisoma insha yako? Alikuandikia nini pembeni? Ni hoja gani uliyoibishia muhula huu? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mwanafunzi anayejua kwamba nyumbani ataulizwa hayo, huenda akaketi viti vya mbele.

Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mfano huo tumezoea kuuelekeza kwa msomi: asiporudi, ametusaliti. Lakini unawahusu pia waliokabidhiwa kumwelekeza. Tukimpa kijana chakula chetu chote, kisha asipatikane wa kumwonyesha njia, akirudi mikono mitupu lawama haitakuwa yake peke yake.