Msafara wa Baiskeli Mtandaoni: Bei ya Kuingia na Bei ya Kukaa Pamoja

Vikundi vya baiskeli mtandaoni hupenda kutangaza kwamba kila mtu anakaribishwa. Tuipime kauli hiyo kwa hesabu. Katika msafara wa aina hii, kila mmoja yuko kwake. Kwa kawaida baiskeli imevuliwa gurudumu la nyuma na kufungwa kwenye mashine inayopima nguvu ya miguu, na wenzake anawaona kwenye skrini. Hapa dola 1 tumeihesabu kuwa Sh130 za Kenya.

Tuanze na ada. Tangu 2024, Zwift, jukwaa la misafara ya aina hii, hutoza dola 19.99 kwa mwezi au 199.99 kwa mwaka. Anayelipa kila mwezi hutoa Sh31,184 kwa mwaka. Anayelipa kwa mkupuo, Sh25,999. Kwa hiyo asiye na fedha za mkupuo hulipa asilimia 20 zaidi kwa huduma ileile.

Mashine ya Zwift Hub ilipotoka 2022 iliuzwa dola 499, sawa na Sh64,870. Ukijumlisha na ada ya mkupuo, mwaka wa kwanza unagharimu Sh90,869, kabla ya baiskeli, kompyuta, usafirishaji na ushuru.

Je, ada ikifutwa? MyWhoosh ya Abu Dhabi, jukwaa jingine la aina hiyo, haitozi chochote. Gharama ya mwaka wa kwanza inashuka hadi Sh64,870, yaani punguzo la asilimia 29. Asilimia 71 inabaki palepale, kwenye mashine.

Watu 4 wakichangia mashine moja, kila mmoja hutoa Sh16,218. Hesabu inavutia, ila inaficha jambo: anayekanyaga ni mmoja, watatu wanasubiri zamu. Gharama imegawanywa, na msafara umegawanyika pia.

Kizuizi kingine hakilipiwi kwa shilingi. Mwendo hutangazwa kwa wati kwa kilo, yaani nguvu ikigawanywa kwa uzito wa mwili. Kwa kiwango cha 2.5, mwenye kilo 55 anahitaji wati 137.5, mwenye kilo 85, wati 212.5. Kwenye tambarare kinachomzuia mtu zaidi ni hewa, hivyo wati 75 za ziada humtanguliza mzito. Mwepesi asipovuka kiwango kilichotangazwa, anaachwa. Zwift ina mpangilio unaowaweka wote pamoja bila kujali nguvu zao, na hauna malipo ya ziada. Hautafaa mashindano, lakini kwa matembezi unatosha.

Yabaki mazungumzo. Kuandika ujumbe huku unakanyaga ni kazi. Kuzungumza ni rahisi. Sauti ikipita kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja hutumia MB 28.8. Misafara minne ya saa moja kwa mwezi ni takriban MB 115.

Kukaa pamoja, basi, ni karibu bure. Kinachogharimu ni kuingia. Kikundi kinachokaribisha kila mtu kiwashe mpangilio wa kuwaweka wote pamoja, kifungue laini ya sauti, na tangazo lake litaje bei ya mashine.