Fidia ya Ndege Umeshailipia Kwenye Tiketi, Kwa Hivyo Idai

Ukitafuta tiketi ya ndege kwa simu, bei ya kwanza huwa tamu. Ukifika mwisho, kabla hujaweka PIN, imepanda: begi, kiti, ada ya uwanja, kodi. Ada hizo angalau unaziona. Kuna gharama nyingine ambayo mara nyingi haiandikwi popote, na hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo: gharama ya haki zako kama abiria.

Nani hulipa?

Tuangalie Ulaya, kwa sababu sheria ya huko inawagusa pia Wakenya wanaosafiri kwenda na kurudi. Tangu Februari 2005, Umoja wa Ulaya una kanuni nambari 261. Ndege ikifutwa ghafla, ikichelewa sana, au ukikataliwa kupanda kwa sababu viti vimeuzwa kupita kiasi, unaweza kulipwa euro 250, 400 au 600, kulingana na umbali.

Pesa hizo hazianguki kutoka mbinguni. Mwaka 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalisimamisha ndege karibu Ulaya nzima. Hali kama hiyo hailipiwi fidia, lakini mashirika yalitakiwa bado kuwapa abiria waliokwama chakula na hoteli. Aprili 2011, Ryanair ikaanza kutoza kila abiria euro 2, ikisema wazi kwamba ni za kugharamia kanuni hiyo.

Hebu piga hesabu. Fidia moja ya euro 600 ni sawa na euro 2 kutoka kwa abiria 300. Ni kama mfuko wa maafa wa chama: wote wanachanga kidogo, mmoja akipatwa anasaidiwa. Si kila shirika huonyesha mchango huo. Wengine huuficha ndani ya nauli, na pale penye ushindani mkali wanaweza kumeza sehemu yake wenyewe ili wasipoteze wateja.

Kwa hivyo ni kweli, sheria za kumlinda abiria zinaweza kuongeza nauli kidogo. Lakini anayeumia zaidi ni yule anayechanga kila safari na siku ya shida haendi kudai. Huyo anawalipia wenzake tu.

Inakuhusu vipi?

Ukitoka Amsterdam kuja Nairobi, kanuni hiyo inakulinda kwa shirika lolote. Ukitoka Nairobi kwenda Amsterdam, inakulinda kama ndege ni ya shirika la Ulaya. Safari hiyo inazidi kilomita 3,500, kwa hivyo ukifika umechelewa saa 4 au zaidi kwa kosa la shirika, fidia ni euro 600. Ndege ikifutwa na ukaamua kutosafiri, una haki ya kurudishiwa nauli yako. Ukipewa vocha na wewe unataka pesa, usitie sahihi.

Kwa safari nyingi za kimataifa kuna pia Mkataba wa Montreal, ambao Kenya imo. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipokea. Ukipitisha siku hizo, dai lako linaweza kufa hapo.

Kabla na baada ya kulipa

• Linganisha bei ya mwisho, si ya kwanza. Tiketi ya bei rahisi isiyo na begi inaweza kukugharimu zaidi.

• Soma kama nauli inarudishwa au la, kabla ya PIN.

• Hifadhi meseji ya malipo, tiketi na pasi ya kupandia ndege. Usifute hadi safari iishe na begi liko mkononi.

• Ndege ikichelewa, omba sababu kwa maandishi na uweke risiti za chakula na hoteli.

• Dai kwa shirika kwanza. Likikunyamazia na safari ilianzia hapa Kenya, peleka malalamiko kwa KCAA.

• Jihadhari na matapeli. Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN yako, wala hakuna "ada ya kufungua fidia". Akikuomba mojawapo, kata simu.

Mchango wako umeshaingia kwenye mfuko. Siku ya zamu yako ikifika, usione haya kunyoosha mkono.