Saraka Ngeni katika Seva ya Unix

Anayekabidhiwa seva ya Unix kwa mara ya kwanza hukumbana upesi na saraka asizozijua, ambazo mtangulizi wake hakuacha hata mstari mmoja wa kuzieleza. Diski inapokaribia kujaa, kishawishi huwa ni kufuta. Makala haya yanadai kwamba uchunguzi sharti utangulie.

Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka wa 1969, haizipi diski herufi kama ifanyavyo Windows. Faili zote hukaa katika mti mmoja ambao mzizi wake huandikwa /. Diski ya pili hupachikwa juu ya saraka fulani, nayo saraka hiyo ikawa mlango wake. Kwa hivyo saraka mbili zinazopakana zaweza kuwa katika diski tofauti, au moja ikawa katika seva ya jengo jingine.

Basi swali la kwanza si "humu mna nini?" bali "hapa ni wapi?" Amri ya df, ikifuatwa na jina la saraka, hutaja diski inayohusika na mahali ilipopachikwa. Amri ya mount huorodhesha vyote vilivyopachikwa, ilhali faili ya /etc/fstab huonyesha vile vilivyokusudiwa. Orodha hizo zikihitilafiana, hapo ndipo pa kuchimba.

Saraka ya /proc katika Linux isimtishe mtu: kiini cha mfumo huitunga papo hapo, na faili ya kcore, ijapoonekana kubwa kuliko diski yenyewe, haichukui nafasi yoyote humo.

Utata hasa uko kwingine. Diski ikipachikwa juu ya saraka yenye faili, faili hizo hufichika tu, hazifutiki. Amri ya df huendelea kuihesabu nafasi yake huku du ikikosa kuziona. Zikiwa katika diski ya mzizi, mount --bind / /mnt huzifichua chini ya /mnt.

Hatari kubwa zaidi ni rm -r, ambayo huvuka mipaka hii bila kuuliza. Ikiwa ndani ya saraka ya majaribio pamepachikwa kumbukumbu za wanafunzi kutoka seva nyingine, zitakazoangamia ni zile za asili. Toleo la GNU lina chaguo la --one-file-system la kuzuia hayo, ingawa halizuii chochote pale saraka ilipopachikwa kutoka diski ile ile.