Krismasi ya Kataboi: pesa huja na abiria, huondoka na lori

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, bei ya kwanza kupanda katika biashara ya Kataboi ni nauli. Walimu, askari, wauguzi, watumishi wa kaunti na wafanyakazi wa mashirika ya misaada hufunga safari kutoka Nairobi, Eldoret, Kakuma na Lodwar, wakirudi katika kijiji hiki cha wavuvi na wafugaji kwenye ufukwe wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol. Kila mmoja ana mshahara mfukoni na orodha ya majina ya wanaomsubiri. Kwa siku chache maduka, bodaboda, wenye mbuzi na mawakala wa pesa za simu hupata wateja wasioonekana miezi mingine. Tukiweka nderemo kando, swali linabaki la kihasibu: pesa hizo zikishafika, ni kiasi gani hulala Kataboi?

Jibu ni kidogo, na sababu yake iko barabarani.

Nauli ya kiti kitupu

Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kama kilomita 300, kupitia Marich, Kainuk na Lokichar. Lami ya kwanza ya njia hii ilijengwa kwa msaada wa Norway, ikachakaa hadi madereva wakaanza kupita kando yake, mchangani. Miaka ya karibuni sehemu ya kutoka Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na safari ya Lodwar imekuwa fupi na isiyovunja magari kama zamani. Lodwar hadi Kalokol ni takriban kilomita 60 nyingine. Baada ya Kalokol lami huaga, na zaidi ya hapo ni mchanga, changarawe na laga, yale makorongo makavu ambayo mvua moja iliyonyesha milimani inatosha kuyajaza na kulizuia gari hadi maji yapungue.

Mwenye gari ana hesabu yake. Kabla ya Krismasi anapanda Kataboi akiwa amejaza abiria na mizigo hadi juu ya paa, kisha anashuka bila kitu. Baada ya Mwaka Mpya mambo hugeuka: anapanda bila kitu na kushuka amejaza. Mafuta yanachomwa safari zote mbili, kwa hiyo abiria wa Desemba hulipia kiti chake pamoja na kile kitakachorudi kitupu. Wasafiri hulalamika kwamba madereva wana tamaa, na huenda wengine wanayo, lakini hata dereva mwadilifu kuliko wote hawezi kuikwepa hesabu hii. Njia ambayo mzigo wake ni wa upande mmoja lazima iwe ghali, iwe mzigo ni watu au ni unga.

Duka na daftari la madeni

Unga, sukari, mchele, mafuta ya kupikia, soda, shuka na shanga zinazouzwa Kataboi husafiri njia hiyohiyo, kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Kitale na Eldoret kupitia Lodwar. Mgeni anaponunua katoni ya soda, sehemu kubwa ya pesa yake inakuwa tayari na wenyewe huko kusini: kiwanda, muuzaji wa jumla, mwenye lori, kituo cha mafuta. Kinachobaki kijijini ni faida ya mwenye duka na ujira wa aliyeishusha.

Hata hivyo Krismasi humletea mwenye duka jambo kubwa kuliko mauzo, nalo ni kulipwa madeni. Duka la kijijini hapa hukopesha mwaka mzima. Familia isiyo na mtoto aliyeajiriwa hutegemea mifugo, samaki na, kwa zile zilizoandikishwa, mpango wa serikali wa kupambana na njaa ulioanza mwaka 2009 katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambao umekuwa ukilipa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Malipo hayo yakichelewa, unga huchukuliwa kwa daftari. Familia yenye mwana Lodwar au Nairobi huongezewa kikomo cha deni kwa sababu moja tu: mwenye duka anajua Desemba mwana atakuja. Akifika, kabla hajaketi vizuri, daftari humfikia. Kwa hiyo mshahara wa mtumishi wa kaunti huko Lodwar ndio dhamana ya mkopo wa unga huku ziwani, ingawa hakuna benki iliyowahi kuiandika dhamana hiyo popote.

Mnyororo huu umeimarika tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Kaunti ya Turkana, ambayo sensa ya 2019 iliihesabu kuwa na watu 926,976, hupokea mgao wa zaidi ya shilingi bilioni 12 kwa mwaka kutoka Hazina ya Taifa, nao ni kati ya mikubwa zaidi nchini. Mgao ukichelewa Nairobi, mishahara huchelewa Lodwar, na daftari la Kataboi huvuka mwaka.

Wakala wa pesa za simu naye ana msimu wake mgumu. Kila mgeni anataka noti za kugawa, na benki iko mbali, Lodwar. Wanaomudu Desemba bila kukwama ni wale wenye duka na uwakala chini ya paa moja: noti anazotoa mteja wa sukari huondoka na mteja wa simu. Asiye na duka hubaki na salio kwenye simu na droo tupu.

Mbuzi hubaki nyumbani

Pesa ya mbuzi ndiyo inayozunguka kijijini muda mrefu zaidi. Mgeni hununua kwa binamu au jirani, binamu hulipa deni dukani, na mbuzi huliwa papo hapo. Hakuna dalali wa Kitale aliyeingia katikati. Lakini nyama nyingi ya Krismasi haiuzwi kabisa. Mzee humchinjia mwanawe anayerudi, na gharama hiyo haiandikwi popote hadi Januari, shule zinapofunguliwa na mwana huyo kutakiwa alipe karo ya wadogo zake. Ni mkopo wenye riba ya heshima.

Mfugaji anayetaka fedha taslimu hulenga kuuza kabla ya sikukuu, wanunuzi wakiwa wengi. Akisubiri wiki ya kufungua shule, atakuta kila mwenye mtoto kaleta mbuzi sokoni, na bei inapangwa na mnunuzi. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipunguza mifugo ya wengi, na kwa waliobaki na wachache kosa la wiki mbili huuma zaidi.

Samaki na mzigo wa kurudi

Bidhaa inayoweza kubadilisha hesabu yote ni samaki. Wavuvi wa ufukwe huu huvua sangara, tilapia na aina nyingine, na kwa kuwa barafu ni haba, sehemu kubwa ya samaki hupasuliwa na kukaushwa juani. Hufungwa mafurushi, hupelekwa Kalokol au Lodwar, kisha Kitale, Kisumu na Busia, na wengine huvuka hadi Kongo. Mara nyingi mvuvi hafiki sokoni akiwa huru: mchuuzi aliyemkopesha nyavu ndiye mnunuzi wake, na ndiye mtaja bei.

Historia ya kujaribu kuwaondoa wavuvi katika hali hiyo ni ndefu. Njaa ya mwaka 1961 iliwaleta wafugaji wengi katika kambi ya chakula karibu na Ghuba ya Ferguson, kando ya Kalokol, na serikali na wamisionari wakawahimiza washike nyavu. Baadaye Norway ikajenga Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki kilichogharimu mamilioni ya dola. Kilifanya kazi siku chache tu mapema miaka ya 1980. Umeme na maji safi ya kuendeshea mitambo jangwani viligharimu zaidi kuliko samaki waliogandishwa, na punde ukame ukalirudisha ziwa nyuma hadi ghuba ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na wafadhili wakaondoka.

Funzo lake la kibiashara bado halijachakaa. Kataboi ina jua kali na upepo mkavu bila malipo, na samaki mkavu hahitaji jokofu njiani. Hasara yake iko kwingine: anayeanikwa chini huchanganyika na mchanga, anayewekwa ovyo hutobolewa na wadudu au huvunjika vipande, na bei hushuka. Chanja za kuanikia zilizoinuliwa, ghala kavu na vifungashio vizuri ni uwekezaji mdogo mno ukilinganishwa na kiwanda cha barafu.

Desemba ndipo unapoonekana upungufu. Lori lililoleta unga na soda hurudi tupu katika majuma yale yale ambayo wavuvi wengi wamepumzika na samaki wakavu hawajakusanywa. Mafurushi yakiwa tayari kabla ya sikukuu, mwenye lori anapata mzigo wa kurudi, anaweza kupunguza bei ya kupandisha unga, na mvuvi anapata usafiri asiomwomba mchuuzi. Kazi ya kukusanya inaweza kufanywa na kamati za usimamizi wa fukwe, ambazo tayari zinatambuliwa na sheria na zinajua nani anavua wapi.

Soko la karibu nalo lipo. Kakuma, kama kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lodwar, imekuwa kambi ya wakimbizi tangu 1992. Utafiti wa IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wake kuwa shilingi bilioni 5.8 kwa mwaka, wenye maduka zaidi ya 2,000. Wakazi wake wengi, Wasudan Kusini na Wakongo, ni walaji wa samaki mkavu tangu kwao. Mfanyakazi wa Kakuma anayerudi Kataboi kula sikukuu ni mjumbe wa biashara asiyelipwa: anawajua wanunuzi wa kule na wavuvi wa huku.

Hatari zipo. Sehemu kubwa mno ya maji ya ziwa huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia, ambako bwawa la Gibe III lilianza kuzalisha umeme mwaka 2015. Kisha, kinyume na hofu ya wengi kwamba bwawa lingelishusha ziwa, tangu mwishoni mwa 2019 ziwa lilipanda na kumeza makazi na fukwe za kupakulia samaki. Huko kaskazini, upande wa Todonyang, mashambulizi ya mpakani huwatisha wavuvi.

Tamasha ni la Lodwar

Kaunti ina sherehe yake ya kuwaita watu nyumbani: Tobong'u Lore, tamasha la utalii na utamaduni linalofanyika Lodwar. Hoteli hujaa, wenye mahema na jukwaa hupata zabuni. Kwa Kataboi faida hupita kwa mikono ya wanawake wanaosuka vikapu vya majani ya mkoma, bidhaa ambayo malighafi yake huota hapahapa na mgeni huibeba mwenyewe.

Tofauti na Lamu wakati wa Maulidi inaeleweka. Kule mahujaji kutoka mwambao mzima hulala na kula mjini, na pesa huingia katika nyumba za watu. Mgeni wa Kataboi hulala kwa mama yake bure. Hakuna kodi ya chumba ya kutarajia, na itakuwa kosa kuijengea kijiji nyumba za wageni zitakazojaa siku kumi kwa mwaka.

Kilichobaki kuuzwa, basi, ni kile ambacho mtu huondoka nacho: samaki na vikapu. Mwenye kazi Nairobi anaweza kuagiza na kulipa kwa simu mwezi Novemba, akakuta furushi lake limefungwa. Jirani zake wa mjini watataka yao. Wakifanya hivyo abiria hamsini, kamati ya ufukwe itakuwa na sababu ya kukodi lori zima la kushuka, na mazungumzo ya nauli ya Desemba ijayo yataanza upya dereva akijua kwamba hatarudi mtupu.