Manika: kabla ya kusema mtoto ni "kichwa nguvu", tutafute anakwama wapi

Buleti ikifika nyumbani na pointi za chini, katika nyumba nyingi za Manika neno la kwanza ni lile lile: "Huyu mutoto ni kichwa nguvu." Anarudia mwaka. Kalasi ni ile ile, kitabu ni kile kile, pengine hata mwalimu ni yule yule. Kama bado haendi mbele, anaanza kukosa masomo siku mbili, siku tatu kwa juma, na hapa Kolwezi kila mtu anajua siku zile anaweza kuwa wapi: kwenye karieri, anaokota mawe ao anayaosha. Mnamo 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40 000 walikuwa wakifanya kazi katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Umasikini njo unasukuma wengi, lakini mtoto ambaye hasikii kitu kalasini ni mwepesi zaidi kusukumwa.

Kumsaidia mtoto mmoja mmoja kunaonekana kama mambo ya nchi tajiri. Tangu Septemba 2019, wakati elimu ya msingi ya bure iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 ilipoanza kutumika kweli, kalasi zimejaa. Mwalimu anauliza, na ana haki ya kuuliza: nitapata wapi muda? Lakini msaada huo si mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja kutwa nzima. Unaanza na kujua ni wapi hasa mtoto anakwama, na kwa hilo dakika tano za rekreasio zinatosha kuanza.

Hapo mwalimu wa Manika ana chombo ambacho mwenzake wa Paris hana: Kiswahili. Silabi zake zinaandikwa sawa vile zinasikika, ma-ji, ki-su, nyu-mba. Kifaransa ni kitu kingine. Neno "eau" lina herufi tatu na sauti moja tu, ambayo haifanani na hata moja kati ya zile tatu. Basi mwalimu amuite mtoto wa mwaka wa nne pembeni, mbali na macho ya wenzake, amusomeshe maneno kumi ya Kiswahili. Akiyasoma vizuri, kumbe kusoma anajua. Kinachomushinda ni Kifaransa, na dawa yake ni mazungumzo na maneno mapya kila siku, si kurudishwa kwenye a, e, i, o, u. Pengine anasoma lakini anasitasita juu kitabu kinasema "watoto wanakwenda" na nyumbani mama anasema "batoto banaenda". Huyo hana ugonjwa wowote, na kumucheka ni kumufunga kinywa.

Lakini kama baada ya miaka mitatu ya masomo bado anashindwa kuunganisha m na a hata kwa lugha ya nyumbani, mwalimu aangalie kwanza macho na masikio: amukalishe mbele, amuulize kama anaona tablo. Kama anaona na anasikia, inawezekana ni ule ugumu wa kusoma unaoitwa disleksia. Jina hilo lilitolewa mnamo 1887 na daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin. Leo inajulikana kwamba si ukosefu wa akili. Mtoto wa namna hiyo anajifunza, ila polepole: herufi chache kwa juma, kuzitamka kwa sauti huku anaziandika kwa kidole juu ya udongo, kurudilia za jana kabla ya kuanza za leo. Historia na sayansi aulizwe kwa kinywa, juu anaweza kujua jibu na kushindwa kuliandika. Na asisimamishwe kusoma mbele ya kalasi nzima kabla hajawa tayari.

Hesabu nayo ina mitego yake. Mtoto anayerudisha chenji sokoni bila kukosea anaweza kupata sufuri kwenye kaye. Makumi munane kwa Kiswahili ni kumi mara nane, wazi kabisa. Kwa Kifaransa ni quatre-vingts, yaani ishirini mara nne. Ni bahati tuna septante na nonante kutoka kwa Wabelgiji.

Kuhusu kalasi kubwa, kuna jambo la kuangalia huko Kenya. Kuanzia 2005, wachunguzi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuata shule 121 za magharibi mwa nchi ile. Kila shule ilipata mwalimu wa ziada, na darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Karibu nusu ya shule ziligawa watoto kwa bahati tu. Nyingine ziligawa kufuata kiwango chao. Baada ya miezi 18, shule zilizofuata kiwango zilikuwa mbele, kwa watoto wenye nguvu na kwa wadhaifu pia. Manika haina mwalimu wa ziada, ni kweli. Lakini nusu saa ya makundi kila siku, kundi moja likiandika peke yake wakati mwalimu anakaa na lingine, haiombi franka. Inaomba makundi yabadilishwe mara kwa mara, kama sivyo lile la nyuma litapewa jina la "kalasi ya wajinga" na kazi yote itaharibika.

Kwa waliokwisha kuacha, kuna vituo vya kurudisha watoto masomoni, vinavyoitwa CRS, ambapo miaka sita ya msingi inafanywa kwa mitatu. Masista wa Bon Pasteur, walioanza kazi Kolwezi mnamo 2012, nao wanasomesha watoto waliotoka karieri.

Na mzazi mwenye buleti mkononi? Badala ya fimbo, aende masomoni na kaye ya mtoto, amuulize mwalimu: "Mwalimu, mutoto wangu anakwama wapi, kwa kusoma ao kwa Kifaransa?" Kama jibu ni "kwa yote", waombe wote wawili zile dakika tano na maneno kumi ya Kiswahili.